Usafi wa Kizimba cha Mjusi Mwenye Ndevu

Lengo la somo hili

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya familia zizungumzazo Kiswahili zinazoishi Marekani, ambako mijusi wa kufugwa huuzwa madukani pamoja na sungura, ndege na samaki wa mapambo. Wazazi wengi waliokulia Afrika Mashariki hawakuzoea kumwona mjusi kuwa mnyama wa kulishwa ndani ya nyumba. Lakini mtoto aliyezaliwa huku humwona kwa rafiki yake au darasani, naye hurudi nyumbani na ombi. Hapo mzazi hulazimika kuamua jambo ambalo hakufundishwa na wakubwa wake.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kufanya mambo matatu: kupima kama nyumba yake inafaa kumpokea mnyama huyu, kukisafisha kizimba chake kwa utaratibu sahihi, na kuichagua dawa ya kusafishia inayostahili fedha yake.

Mnyama huyu ni nani

Mjusi mwenye ndevu asili yake ni nyanda kame za Australia. Aina iuzwayo zaidi madukani ni ile ambayo wataalamu huiita Pogona vitticeps. Ameitwa mwenye ndevu kwa sababu ya miiba laini iliyo chini ya kidevu chake. Anapotishwa huitutumua na kuigeuza kuwa nyeusi. Ni wa jamaa moja na wale mijusi wenye vichwa vyekundu waotao jua juu ya majabali katika Afrika Mashariki. Akikomaa hufikia urefu wa sentimita 45 hadi 60 pamoja na mkia, na akitunzwa vema huweza kuishi takriban miaka 10. Anayemnunulia mtoto wa miaka 8, basi, ajue kwamba kazi ya kusafisha kizimba huenda ikamfikisha mtoto huyo kwenye lango la chuo kikuu.

Ni mnyama mtulivu, naye huvumilia kushikwa. Tabia hiyo ndiyo imemfanya apendwe, na tabia hiyo hiyo ndiyo inayowafanya watu wasahau kuosha mikono.

Hatari isiyoonekana kwa macho

Mjusi mwenye afya njema, anayekula vizuri na mwenye macho maangavu, anaweza kuwa amebeba bakteria waitwao Salmonela ndani ya utumbo wake bila kuugua. Bakteria hao hutoka pamoja na kinyesi, kisha huenea juu ya ngozi yake, katika bakuli lake la maji, juu ya mawe na vioo vya kizimba, na katika mikono ya mtu amshikaye. Hawatoki kila siku. Kwa hiyo kipimo kimoja cha kinyesi kinachoonyesha kwamba hawakuonekana hakithibitishi kwamba mnyama hana. Wala hakuna dawa ya kumpa mjusi ili kumwondolea kabisa.

Mwaka 2014 taasisi ya serikali ya Marekani inayodhibiti magonjwa, CDC, ilichunguza mlipuko wa Salmonela uliohusishwa na mijusi wenye ndevu. Waliougua walizidi watu 100 katika majimbo zaidi ya 30, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Tangu hapo milipuko mingine iliyohusishwa na mijusi hao imetangazwa.

Hatari ya namna hii si ngeni. Tangu mwaka 1975 serikali ya Marekani imepiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo ambao gamba lao halijafikia inchi 4, yaani takriban sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Kwa mijusi hakuna katazo la taifa la namna hiyo. Uamuzi umeachwa mikononi mwa mnunuzi, na kwa hiyo yafaa mnunuzi awe na elimu.

Tutoe mfano. Kijana wa miaka 12 anamtunza mjusi wake kwa upendo. Kila jioni huosha bakuli la mnyama katika sinki la jikoni, nalo hung'aa. Baadaye mama yake anaosha mboga katika sinki hilo hilo, kisha anaosha chupa ya mtoto mchanga. Mtoto mchanga hajamgusa mjusi hata mara moja. Hata chumba cha kaka yake hajakiingia. Hata hivyo anaweza kupata homa na kuhara. Katika nyumba hiyo hakuna aliye mchafu. Kilichokosekana ni mpaka baina ya vyombo vya mnyama na vyombo vya watu.

Kabla ya kununua

Mambo yafuatayo yafikiriwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kwanza, ni nani waishio nyumbani? CDC hushauri kwamba wanyama wa jamii ya mijusi, nyoka na kobe wasifugwe katika nyumba yenye mtoto aliye chini ya miaka 5, mtu mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, au mtu ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu kwa sababu ya ugonjwa au matibabu. Ikiwa bibi anaishi nanyi, au mtoto mchanga anatarajiwa, jibu la busara kwa sasa ni kusubiri.

Pili, je, mkataba wa pango unaruhusu? Mikataba mingi hutaja mbwa na paka waziwazi, na wanyama wengine kwa maneno ya jumla. Mpangaji amwulize mwenye nyumba na apate jibu kwa maandishi.

Tatu, duka lenyewe likoje? Tazama vizimba vya dukani. Ukiona kinyesi kilichokauka, maji machafu, au mijusi wengi waliorundikwa pamoja, ujue kwamba mnyama utakayempeleka nyumbani ametoka humo. Uliza ni siku ngapi umepewa za kumrudisha akionekana mgonjwa, na utunze risiti.

Nne, nani atasafisha? Mtoto wa chini ya miaka 5 asiguse mnyama wala kizimba. Mtoto mkubwa anaweza kusaidia chini ya uangalizi, lakini mwenye dhamana ni mtu mzima.

Kuchagua vifaa vinavyosafishika

Mjusi mmoja aliyekomaa huhitaji kizimba chenye urefu wa takriban sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60. Kizimba cha kioo au cha ubao uliopakwa plastiki husafishika kwa urahisi. Ubao mtupu hunywa uchafu, nao hautakasiki tena.

Tandiko la chini huamua uzito wa kazi ya kila siku. Gazeti na karatasi za kupangusia ni rahisi kuliko yote: zikichafuka hukunjwa na kutupwa. Vigae vya sakafu hudumu, huoshwa, na husaidia kusugua kucha za mnyama. Zulia la kizimba huonekana nadhifu, lakini nyuzi zake huhifadhi uchafu na hunasa kucha. Atakayelitumia awe na mawili, moja likioshwa jingine litumike. Mchanga huficha kinyesi kilicho laini, na mjusi mchanga anaweza kuumeza pamoja na chakula. Kwa anayeanza, karatasi au vigae vinatosha, na bei yake ni ndogo.

Joto na ukavu pia ni sehemu ya usafi. Mahali pa kuotea joto pawe na nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi (Farenhaiti 100 hadi 107), na upande wa baridi uwe karibu na nyuzi 25 hadi 29. Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 30 na 40. Mjusi asiyepata joto la kutosha hameng'enyi chakula vizuri, na kizimba chenye unyevu mwingi huota kuvu. Nunua kipimajoto na kipimaunyevu. Kukisia kwa mkono hakutoshi.

Mwisho, nunua vifaa vya kusafishia ambavyo havitatumika kwa kazi nyingine yoyote: ndoo moja, beseni moja, sifongo, burashi na glavu. Viandikwe jina la mnyama kwa wino usiofutika, na vihifadhiwe mbali na jiko.

Kuosha na kutakasa

Haya ni mambo mawili, na watu wengi huyachanganya. Kuosha ni kuondoa uchafu kwa maji ya moto na sabuni. Kutakasa ni kuua vijidudu vilivyobaki kwa dawa au kwa joto kali. Kuosha hutangulia daima. Dawa iliyomwagwa juu ya kinyesi huishiwa nguvu kabla ya kuvifikia vijidudu vilivyo chini yake. Kukausha peke yake nako hakutoshi, kwa kuwa Salmonela huweza kuishi muda mrefu juu ya vitu vikavu.

Kazi za kila siku

Ondoa kinyesi mara kionekanapo. Kinyesi cha mjusi kina sehemu nyeusi na sehemu nyeupe kama chokaa. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Vaa glavu, kiokote kwa karatasi, ukitie katika mfuko na uufunge, kisha upanguse mahali pale kwa maji ya sabuni.

Ondoa mboga zilizobaki kabla hazijanyauka, na wadudu ambao hawakuliwa. Nyenje aliyeachwa kizimbani hula kinyesi, kisha huliwa na mjusi, na hivyo vimelea humrudia mnyama yule yule. Tena nyenje wenye njaa humng'ata mjusi aliyelala.

Osha bakuli la maji na la chakula kwa sabuni katika beseni lake, kisha ujaze maji mapya. Mjusi akijisaidia ndani ya bakuli, lioshwe saa hiyo hiyo na litakaswe.

Kazi za kila juma

Badilisha tandiko lote la karatasi, au osha vigae. Panguza kuta za kioo kwa maji ya sabuni. Sugua mawe na magogo ambayo mnyama hupanda. Takasa mabakuli. Usisahau kopo la kutunzia nyenje au mende wa chakula: wadudu waliokufa na mboga zilizooza humo ni chanzo cha harufu ambayo watu humsingizia mjusi.

Usafi mkuu wa kila mwezi

1. Zima taa zote na uchomoe nyaya katika umeme. Subiri hadi taa na mawe vipoe. Kioo chenye joto kikimwagiwa maji baridi hupasuka.

2. Mhamishe mjusi katika sanduku lenye matundu ya hewa, katika chumba kingine. Asiwe karibu wakati dawa inatumika, kwa maana mapafu yake huumizwa na mvuke wake.

3. Vaa glavu. Fungua madirisha. Toa kila kitu kizimbani, na utupe tandiko katika mfuko uliofungwa.

4. Osha kizimba na vifaa kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Sugua pembeni na katika maungio. Suuza mpaka povu liishe.

5. Takasa. Dawa ya kupaushia nguo, ambayo wengi wetu huiita jiki, inafaa ikiwa haina manukato. Kama lebo haikueleza vingine, changanya vijiko 4 vya chai, yaani mililita 20, katika lita 1 ya maji yasiyo ya moto. Lowesha vitu vyote na uviache vikiwa vimelowa kwa dakika 10.

6. Suuza kwa maji mengi mara mbili au tatu, hadi harufu ya dawa itoweke kabisa.

7. Kausha vizuri. Ndipo uweke tandiko jipya, urudishe taa, ungojee joto lifikie kiwango chake, na mwisho umrudishe mjusi.

8. Mwaga maji machafu chooni. Osha ndoo na glavu, kisha osha mikono kwa sabuni kwa sekunde 20.

Mchanganyiko wa jiki uliobaki umwagwe siku hiyo hiyo, kwa sababu nguvu yake hupungua. Magogo na vitu vingine vyenye vinyweleo vimwagiwe maji yanayochemka. Vikiwa vimeoza au vinanuka, vitupwe.

Kuna kimelea kiitwacho koksidia, ambacho huwapata mijusi wenye ndevu mara nyingi. Mayai yake hustahimili jiki na dawa nyingi za kawaida. Silaha dhidi yake ni kuokota kinyesi mapema, kusugua, na kutumia maji yanayochemka au mvuke. Daktari wa wanyama akisema mjusi wako anacho, fuata ratiba ya usafi atakayokupa, ambayo itakuwa kali kuliko hii.

Kuisoma lebo kabla ya kulipa

Katika rafu za madukani zipo chupa nyingi zenye picha ya mjusi anayetabasamu. Picha hiyo haisemi kama dawa inaua kitu chochote. Mnunuzi ageuze chupa na atafute mambo manne.

La kwanza ni maandishi "EPA Reg. No." yakifuatwa na namba. Hiyo ni namba ya usajili wa idara ya serikali inayosimamia dawa za kuua vijidudu. Kioevu kisicho na namba hiyo huenda kikawa sabuni nzuri, lakini kisitegemewe kuua vijidudu.

La pili ni orodha ya vijidudu ambavyo dawa imesajiliwa kuviua. Tafuta neno Salmonella.

La tatu ni muda ambao dawa inapaswa kukaa juu ya kitu kikiwa kimelowa. Dawa inayohitaji dakika 10 haifanyi kazi ikipulizwa na kufutwa papo hapo.

La nne ni maonyo. Epuka dawa zenye fenoli, zikiwamo baadhi ya zile zenye harufu kali ya msonobari, kwa kuwa fenoli ni sumu kwa mijusi.

Kamwe usichanganye jiki na siki, amonia au dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Gesi itokanayo na mchanganyiko huo huumiza mapafu na inaweza kuua. Mtu akivuta gesi hiyo, mtoeni mahali penye hewa safi. Akipumua kwa shida au akizirai, pigeni 911. Kwa ushauri kuhusu sumu, kituo cha taifa hupatikana bila malipo, usiku na mchana, kwa namba 1-800-222-1222.

Mipaka ndani ya nyumba

Kizimba kisiwekwe jikoni wala mahali pa kulia. Mjusi asitembezwe juu ya meza ya chakula, kaunta ya jikoni au kitanda cha mtoto. Vyombo vyake visioshwe katika sinki la jikoni. Akiogeshwa, aogeshwe katika beseni lake. Ikilazimu kutumia hodhi la kuogea watu, lioshwe na kutakaswa mara moja. Watoto wasimbusu wala kumweka karibu na uso, na wasile wakiwa wamemshika. Kila amgusaye, au agusaye kitu chochote kilichotoka kizimbani, aoshe mikono kabla ya kugusa kitu kingine. Mgeni akija na mtoto mdogo, mwambieni waziwazi kwamba nyumbani mna mjusi. Kufanya hivyo si kujiaibisha. Ni sehemu ya ukarimu.

Lini umwone daktari

Dalili za Salmonela kwa binadamu ni kuhara, homa na msokoto wa tumbo. Huanza kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kuambukizwa, na wengi hupona katika siku 4 hadi 7. Nendeni kwa daktari upesi ikiwa choo kina damu, homa imezidi nyuzi 38.9 (Farenhaiti 102), kuhara kumepita siku 3, mgonjwa anatapika kila anachokunywa, au ameishiwa maji mwilini: mdomo mkavu, mkojo haba, kizunguzungu. Mtoto mchanga asingojewe hata kidogo. Mwambieni daktari, hata kama hajauliza, kwamba nyumbani mnafuga mjusi. Habari hiyo humsaidia kuchagua kipimo.

Mjusi naye apelekwe kwa daktari wa wanyama ikiwa kinyesi chake ni cha majimaji au kinanuka kupita kawaida kwa siku kadhaa, ikiwa anakonda, au haleti tena hamu ya kula. Kipimo cha kinyesi mara moja kwa mwaka ni matumizi mazuri ya fedha, ingawa, kama ilivyoelezwa, hakiondoi haja ya kuosha mikono.

Maswali ya kujipima

1. Jirani anasema mjusi wake alipimwa na hakukutwa na Salmonela, kwa hiyo watoto wake wadogo humchezea bila wasiwasi. Amekosea wapi?

2. Mtu amepuliza dawa juu ya kinyesi kilichokauka, akafuta mara moja. Taja makosa mawili.

3. Katika nyumba yako, vyombo vya mnyama vitaoshewa wapi, na maji yake yatamwagwa wapi?

Majibu: Katika swali la kwanza, bakteria hawatoki kila siku, hivyo kipimo kimoja si uthibitisho. Katika la pili, hakuosha kwanza, wala hakuiacha dawa kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Swali la tatu hulijibu mwenyewe msomaji. Asipopata jibu la wazi, basi nyumba yake bado haijawa tayari kumpokea mjusi, na ni heri kulitambua hilo akiwa bado hajamnunua.